Kidole cha Kumi na Moja

Saa kumi jioni, karani wa halmashauri, binti wa mtaa wa zamani, aliingia mtaani kwao na kitabu cha kupokelea barua kwapani, pedi ya wino mfukoni na bunda la matangazo mkononi. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuliko kuchagua mchele: kila nyumba tangazo moja, na kila anayepokea aweke sahihi au dole gumba, basi. Tangazo lilisema kwamba kesho saa nne asubuhi, katika ukumbi wa halmashauri, kutajadiliwa kama mtaa huu uhifadhiwe au ubomolewe.

Mtaa ulikuwa na nyumba sitini, zenye madirisha marefu, milango ya mbao nzito na kuta nene kama ukaidi wa waliozijenga. Wapo waliotaka uhifadhiwe, na wapo waliotaka upigwe tingatinga yapande maghorofa. Ukitaka ukweli, hakuna upande uliokuwa na malaika. Waliolilia historia hawakuwa wamepaka chokaa tangu enzi za ujana wao, na waliolilia maendeleo walikuwa wameshachagua ghorofa watakazokaa wao na shemeji zao.

Karani hakulilia historia wala maendeleo. Alimlilia mama yake.

Mama alikuwa kipofu. Macho yalimzimika miaka tisa iliyopita, lakini ndani ya nyumba yake ungeapa kwamba anaona. Aligusa ukuta, akajua alipo: hapa ufa wa lipu, hapa msumari wa koti la marehemu mumewe, hapa kizingiti, inua mguu. Alipika mwenyewe, akafua mwenyewe, na mgeni akikaa vibaya kwenye kiti alimwambia anyooshe mgongo. Mtoe humo umpeleke kwenye chumba cha ghorofani chenye kuta laini, na siku hiyohiyo atakuwa kipofu kweli. Karani alilijua hilo kama anavyojua jina lake, na ndilo lililomfanya atende alilolitenda.

Sheria ya kuhifadhi ilikuwa na sharti moja lenye meno. Nyumba arobaini kati ya sitini lazima ziwe zinakaliwa na wenyewe, na kila mwenye nyumba ajaze fomu aweke alama. Karani alihesabu, akahesabu tena. Wenyewe walikuwa ishirini na tisa. Zilizobaki zilikuwa za wapangaji, au zilikuwa tupu. Na zilizokuwa tupu, ambazo wenyewe walikufa bila kuacha mtu, zilikuwa kumi na moja.

"Tafuta kumi na moja, mwanangu," Mwalimu alimwambia. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa kamati ya kuhifadhi, aliyemfundisha karani kusoma na kuandika. "Na usije ukaniambia umezipata wapi."

Akazipata. Alijifungia ofisini saa ya chakula cha mchana akajaza fomu kumi na moja kwa majina ya marehemu. *Nyumba hii inakaliwa na mwenyewe.* Akagonga mhuri. Kwa alama akatumia vidole vyake, fomu moja kidole kimoja, kuanzia cha mwisho cha mkono wa kushoto, ili zisifanane. Vidole vikaisha kwenye fomu ya kumi. Ya kumi na moja, ya nyumba ya Mkunga, akaibeba nyumbani. Mama alikuwa amesinzia kitini, mkono umelegea pajani. Karani akauinua taratibu, akalipaka wino dole gumba lake, akalikandamiza kwenye karatasi, kisha akalipangusa kwa kitambaa chenye maji.

Mama hakuamka. Alitabasamu tu usingizini.

Sasa, jioni hii, nyumba za walio hai zilikuwa zimekwisha. Waliotaka kutukana wametukana, waliotaka kusaini wamesaini. Zilibaki zile kumi na moja. Asingeweza kuziruka, maana kesho pande zote mbili zingelipekua daftari lile la kupokelea barua kama kuku anavyopekua jalala. Mtu aliyejaza fomu lazima apokee tangazo. Kwa hiyo mpango ulikuwa asimame kwenye kila mlango, awapokelee marehemu, akalale.

Ya kwanza ilikuwa ya Fundi Saa. Huyu alikuwa na miaka sita kaburini. Mlango wake ulikuwa na kufuli kubwa lenye kutu, na madirisha yalipigiliwa mbao. Karani akafungua pedi, akagusisha wino kwa kidole cha mwisho cha kushoto, akainama juu ya daftari.

Tik… tik… tik…

Akasimama wima. Sauti ilitoka ndani. Si saa moja, bali saa nyingi, kila moja na mwendo wake. Ikaja na harufu ya mafuta mepesi, yale ambayo Fundi alikuwa akiyadondosha kwa ncha ya sindano.

Komeo la ndani likavutwa.

Kufuli la nje lilikuwa limening'inia vilevile, limefungwa. Lakini mlango ulifunguka, upana wa kiganja. Mkono ukatoka. Mkono mkavu, kucha nyeusi kwa mafuta.

"Usinisainie," ikanong'ona sauti. "Nipo."

Karani akashikilia daftari palepale. Mkono ukagusa pedi, ukakandamiza daftari, ukachukua tangazo moja kutoka kwenye bunda. Mlango ukafungwa. Tik… tik… zikaendelea, kwa utulivu wa mtu aliyerudi kazini.

Kidole cha mwisho cha karani kilikuwa cha baridi. Alikisugua kwa dole gumba. Kidole hakikuwa na mistari. Kilikuwa laini kama kipande cha sabuni kilichotumika mpaka mwisho.

Mtu mwenye akili timamu angetupa daftari akakimbia. Lakini karani alikuwa mtumishi wa halmashauri wa miaka kumi na minne, na miaka hiyo humfanya mtu aamini kwamba kila jambo lina maelezo, na kwamba maelezo yapo kwenye faili jingine. Labda kuna mtu amevamia nyumba. Labda wino una dawa. Akaenda nyumba ya pili.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Bibi Taipu, aliyewachapia watu barua za mapenzi na za mahakama kwa bei moja. Mazishi yake karani alihudhuria. Udongo alitupia.

Tak tak tak… ting!

"Bibi," akanong'ona karani kwenye ufa wa mlango. "Bibi, wewe si ulikufa?"

Mashine ikanyamaza.

"Ndivyo?" Sauti ilikuwa karibu sana, kama mdomo uko upande wa pili wa ubao. "Mbona wewe umeandika naishi?"

"Nilikuwa… nilikuwa natafuta idadi tu, Bibi."

"Na mhuri umegonga."

Karani akalikandamiza daftari kifuani.

"Pitisha karatasi chini ya mlango, mjukuu wangu. Nimeitwa, nimekuja."

Waliosema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja, hawakusema linakuja likiwa na hali gani. Karatasi ilipita chini ya mlango, daftari likapita, na daftari likarudi na alama mbichi. Kidole cha pili kikafa.

Baada ya hapo hakubisha tena hodi popote. Alikimbia. Alikimbia katikati ya barabara, daftari kifuani, na kila alipopita mbele ya nyumba tupu alisikia komeo likivutwa. Krr… Kidole kinapoa. Krr… kingine. Ya mshona magodoro. Ya dada wawili ambao hawakuolewa. Ya yule mzee aliyekuwa akifuga njiwa, na juu ya paa lake, kwenye giza lililoanza kushuka, kitu kilipiga mabawa. Matangazo yalikuwa yanapungua mkononi bila yeye kuyatoa. Alipofika mwisho wa mtaa alikuwa hana hata kidole kimoja chenye mistari.

Ilibaki nyumba moja.

Mlango wa Mkunga ulikuwa wazi tayari. Harufu ya sabuni ya dawa na maji ya moto ilijaa kizingitini. Mkunga mwenyewe alisimama ndani kidogo, mahali mwanga usipofika, aproni yake nyeupe, mikono ameilowesha mpaka viwikoni. Alikuwa amekufa mwaka ambao karani aliajiriwa.

"Leta mkono," alinong'ona.

Karani akanyoosha. Angefanya nini? Huyu ndiye aliyemtoa tumboni, akampiga kofi la kwanza duniani. Mkunga akavigeuza vidole kimoja kimoja, bila haraka, kama anakagua kitoto.

"Hivi vyote vina wenyewe. Changu kiko wapi?"

"Sijui, Bibi."

"Unajua." Akatoa kwenye aproni fomu ile, fomu ambayo karani aliifungia kabatini ofisini, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake. "Hili dole namjua mwenyewe. Siku anakuzaa wewe aliniminya kwa mkono huohuo mpaka mifupa ikalia. Kwa hiyo wangu ni yeye."

"Hapana! Bibi, nakuomba. Nilifanya kwa ajili yake. Nilitaka abaki kwake."

"Mimi sikuandika kitu, mwanangu. Kuandika umeandika wewe."

"Nifanyeje?"

Mkunga akaukausha mkono wake kwenye aproni, taratibu.

"Kesho si mna mjadala?" alisema. "Kajadili."

Mlango ukafungwa polepole. Kufuli lake la kutu lilikuwa mahali pake.

Karani alifika kwa mama akihema. Akamkuta amesimama katikati ya sebule, mikono mbele, jambo ambalo hajawahi kuliona. Mama alikuwa na alama nyekundu kwenye paji la uso.

"Mwanangu, ni wewe?"

"Ni mimi, Mama. Umeumia?"

"Mbona ukuta umehama?" Mama alicheka kidogo, kicheko cha aibu. "Nagusa sisikii. Nimetafuta ule ufa wa lipu tangu jua linazama. Nani kaupaka?"

Karani akamshika mkono, akalitazama dole gumba lake kwenye taa. Laini. Tupu kabisa.

Akakaa sakafuni akalia, kilio cha hasira zaidi kuliko huzuni. Alikuwa ameghushi ili mama asipoteze nyumba, na nyumba ilikuwa imeshapotea, mama akiwa ndani yake. Mama alimpapasa kichwa kwa vidole vilivyobaki akamwambia asilie, ukuta utapatikana tu, ukuta hauna miguu.

Asubuhi alimkalisha mama kitini, akamwekea chai karibu, akamwambia asiinuke mpaka arudi. Njiani aliamua. Atasema. Afukuzwe kazi, afungwe, mtaa upigwe tingatinga lake, lakini zile fomu zifutwe. Mama atahamia ghorofani, atakuwa kipofu, lakini atakuwa mama.

Ukumbi ulijaa. Upande mmoja aliketi Bwana Ramani, mtu wa kampuni ya maghorofa, na michoro yake ya rangi yenye miti ambayo haipo popote duniani. Upande mwingine Mwalimu na kamati yake. Mwalimu alisimama akaongea kuhusu milango, kuhusu mikono ya mababu, kuhusu mtaa kuwa ni kitabu cha watu wasioandika. Wazee wakapangusa macho. Bwana Ramani naye akasimama akauliza kama mababu hao walikuwa na vyoo vya ndani, na vijana wakacheka. Kisha mwenyekiti wa kikao akafungua faili.

"Masharti ni nyumba arobaini. Fomu ni arobaini. Kuna pingamizi juu ya fomu?"

"Lipo," alisema karani.

Ukumbi mzima ukageuka.

"Fomu kumi na moja ni za uongo. Wenyewe ni marehemu. Nimezijaza mimi, na vidole ni vyangu."

Zikalipuka kelele. Bwana Ramani alisimama na tabasamu la mtu aliyeokota dhahabu. Mwalimu hakusimama. Alimtazama mwanafunzi wake wa zamani kwa upole mkubwa.

"Kaa chini, mwanangu. Unaumwa."

"Siumwi, Mwalimu, na wewe unajua! Fundi Saa alikufa miaka sita iliyopita. Ulimzika!"

"Nilimzika?" Mwalimu akawageukia watu. "Jana jioni nimemsalimia kibarazani kwake."

"Na mimi saa yangu kanitengenezea juzi," alisema mwenye duka la mkaa, akainua mkono wake juu. Saa iling'aa. Ilikuwa inatembea.

"Bibi Taipu kanichapia barua."

"Mkunga alipita kwangu leo alfajiri kumwona mke wa mwanangu."

Walisema mmoja baada ya mwingine, watu anaowajua tangu utoto, wanawake waliomfunga kanga, wanaume waliombeba mabegani. Karani aliwatazama machoni, akitafuta yupi anadanganya ili kuokoa nyumba yake na yupi anasema alichokiona. Hakuweza kuwatofautisha. Nao walimtazama kwa chuki, kwa sababu alikuwa anataka kuwabomolea.

Mwenyekiti wa kikao akagonga meza. "Jambo hili halihitaji maneno. Karani, njoo mbele. Weka vidole vyako kwenye karatasi, tulinganishe na fomu."

Hapo ndipo akakumbuka vidole vyake.

Alikwenda mbele. Akachovya vidole kumi kwenye pedi, akavikandamiza kwenye karatasi nyeupe. Mwenyekiti akaiinua watu waone.

Madoa kumi meusi. Hakuna mstari hata mmoja.

Hata Bwana Ramani alirudi nyuma hatua moja.

"Vidole hivi," alisema mwenyekiti, akiishika karatasi kwa ncha kama kitu chenye ugonjwa, "haviwezi kuwa vilivyosaini fomu hizi. Fomu zina alama safi kabisa. Pingamizi limeanguka."

"Cha kumi na moja ni cha mama yangu! Mleteni mama yangu muone!"

"Dada, kikao hiki hakiwezi kukokota vipofu," alisema mwenyekiti, na watu wakanung'unika kwamba kweli, binti huyu hana hata huruma kwa mzazi wake.

Ikasomwa hati, mhuri ukagongwa. Kuanzia saa hiyo mtaa ulikuwa chini ya hifadhi. Hakuna ukuta utakaovunjwa, hakuna mlango utakaoguswa bila kibali cha kamati, wala mkazi yeyote kuondolewa katika nyumba aliyowekea alama yake.

Karani alisikia maneno yale ya mwisho akiwa tayari mlangoni. Nyuma yake watu walikuwa wanapiga makofi na vigelegele. Alikimbia katika jua kali la saa sita, viatu mkononi.

Chai ilikuwa mezani, haijaguswa. Kiti kilikuwa kitupu. Fimbo ya mama ilikuwa imeegemea ukutani.

Mama hatoki bila fimbo. Miaka tisa hajawahi.

Alikwenda moja kwa moja mwisho wa mtaa. Kufuli la Mkunga lilikuwa limening'inia mlangoni na kutu yake. Akabisha kwa ngumi mbili. Ndani, maji yalikuwa yanachemka. Hatua zikaja, nyepesi, za mtu asiyepapasa. Komeo likavutwa.

Alikuwa mama. Aproni nyeupe, mikono imelowa mpaka viwikoni. Na macho… macho yalikuwa safi, meusi, yanaona. Yalimpima karani kutoka unyayoni mpaka utosini, yakatua usoni pake.

"Nikusaidie nini?"

"Mama. Mama, ni mimi."

Mama akatabasamu, tabasamu la adabu tu, la kumpa mpita njia.

"Wengi huniita mama," alisema. "Nimepokea wengi. Uchungu umekuanza saa ngapi?"

"Mama, twende nyumbani!"

Tabasamu likaondoka. Mlango ukajifunga kabla karani hajatia mguu. Akaupiga kwa mabega, akaupiga kwa jiwe aliloliokota barabarani, mara moja, mara mbili, mpaka mkono ukashikwa kwa nyuma. Alikuwa Mwalimu, akihema, na nyuma yake nusu ya mtaa, bado wamevaa nguo za kikao.

"Acha, mwanangu," alisema, na hakuwa amekasirika hata kidogo. "Usiharibu. Mlango huo ni wa hifadhi. Ukitaka kuuvunja, leta maombi. Kamati inakutana baada ya miezi mitatu."

Wakamnyang'anya jiwe. Mmoja akapangusa ubao pale ulipochubuka, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Kisha wote wakageukia mlango, maana ndani ya nyumba kulisikika mtu akizungumza, sauti ya kizee, ya kunong'ona, ileile ya jana.

"Nani huyo anayepiga kelele?"

Sauti ya mama ikajibu, karibu kabisa na mlango.

"Hakuna mtu. Ni karani tu."